Mji Aliopewa Gaudiosa

Kitendawili!

Nampiga bila kosa, wala hanirudishii. Hulia akaita mtaa mzima uje kucheza.

Haya, semeni. Wewe uliyeketi na gazeti kwenye benchi la kinyozi, na wewe unayemsomea jirani huku maharage yanatokota, jibuni! Mtoto wa darasa la kwanza anakijua hicho. Ni ngoma. Hakuna kitendawili chepesi kuliko hicho duniani, na ndiyo maana Gaudiosa alikichagua kuwafungulia Waswidi mchezo.

Mnakumbuka tulipomwacha wiki iliyopita. Ni Jumanne, saa moja na nusu jioni. Yuko jukwaani Stockholm, ngoma tatu zimesimama ubavuni pake, moja kubwa kama pipa la maji, na watu mia tatu wanamtazama kimya kama wako kwenye ibada. Mkalimani wake, Mama Ingegerd, amekwisha kuwatafsiria. Hakuna anayejibu. Jasho linamtiririka Gaudiosa chini ya kanga.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka gizani, safu ya mwisho kabisa, kwa Kiswahili safi:

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Sauti ile aliijua kabla hajajua kusema. Ilikuwa ya kaka yake, Deusdedit, ambaye kwa miaka minne hakuna mtu wa kwao aliyejua kama yu hai au yu mfu.

"Mji gani?" aliuliza kwa shida.

"Vårby gård."

Mama Ingegerd alikaa miaka kumi na moja kwenye zahanati ya misheni huko kwetu Ziwa Magharibi, kwa hiyo desturi anaijua. Aliyeshindwa humpa mtegaji mji. Mtegaji huuzuru mji huo kwa maneno, akala na kunywa huko, ndipo atoe jibu. Akawaeleza Waswidi hayo, kisha akawatajia mji wenyewe.

Ukumbi ukaangua kicheko! Kumbe Vårby gård ni mtaa wa maghorofa mapya huko karibu na mwisho wa reli ya chini ya ardhi, mahali ambapo Mswidi wa mjini hapataki hata akipewa bure.

"Nimekwenda Vårby gård," Gaudiosa akaanza, kama desturi inavyotaka. "Nimefika, wamenikaribisha, wamenipa... wamenipa..."

Wamempa nini? Mji wenyewe hajawahi kuusikia. Na kaka yake ashindwe na ngoma? Deusdedit, ambaye ndiye aliyemfundisha kitendawili hicho? Hakushindwa. Alitaka tu kuutaja huo mji.

Gaudiosa akaruka chini ya jukwaa, miguu mitupu, akakimbia katikati ya viti. Watu wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo umekolea.

Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu. Akakigusa. Kilikuwa bado na joto.

Akatoka nje, akasimama kwenye theluji akiita "Kaka! Kaka Deus!" mpaka Mama Ingegerd akaja kumfunika koti.

Sasa sikilizeni kwa nini mwanamke mzima wa miaka ishirini na tisa alisimama barabarani bila viatu mwezi wa pili, tena Uswidi.

Deusdedit Mashauri aliondoka nyumbani mwaka 1967 kwenda Uswidi kusomea ufundi wa mitambo. Barua zilikuja kila mwezi, halafu kila Krismasi, na tangu mwanzo wa mwaka 1970 haikuja hata kadi. Kwa ukoo wao, mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likashushwa kaburini kwa jina lake, watu wakakaa matanga mpaka yakaisha. Na akishazikwa, kibanja chake, nyumba na migomba yake, hurudi kwa wanaume wa ukoo.

Kibanja hicho ndimo anamoishi mama yao, Domina. Baba yao alimwachia Deusdedit. Mama amekaa humo kwa jina la mwanawe. Na baba yao mdogo amekitolea macho tangu siku ya mazishi ya baba yao.

Gaudiosa alipopata safari ya Ulaya na kikundi cha ngoma, huyo baba mdogo alimwita mbele ya wazee.

"Ukirudi mikono mitupu, tunazika," alisema.

"Na nikirudi nikasema nimemwona kwa macho yangu?"

"Wewe? Wewe kazi yako ni kutambia watu hadithi za fisi wanaosema. Nani akuamini? Lete mwandiko wake. Mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, sitaki zaidi. Mgomba nimekwisha uchagua."

Na kweli alikuwa ameuchagua. Alikuwa ameufunga kitambaa chekundu, na kila asubuhi mama Domina akitoka kuchota maji alikuwa anaupita.

Kikundi kiliandikiwa kuondoka Stockholm Jumapili, saa tatu asubuhi. Jumatano ilipopambazuka, Gaudiosa alikuwa amebakiwa na siku nne.

"Dada, jana umeniaibisha," alisema Cyprian, kiongozi wa kikundi, wakati wa chai. "Tangu lini mtegaji akakimbia na jibu lake?"

"Nipe ruhusa mpaka saa tisa, kaka Cyprian."

"Ukichelewa nitatega mimi."

"Vitendawili vyako vyote jibu lake ni ugali."

"Na watu hushiba," alisema Cyprian. "Haya, nenda."

Mama Ingegerd alimwandikia jina la stesheni kwenye karatasi, akamfunga skafu yake mwenyewe shingoni.

"Nisikilize, binti yangu. Usimwulize mtu, nyumbani kwa fulani ni wapi. Hapa hawajuani. Ingia kila mlango. Ukutani kuna ubao wa majina ya wapangaji, jina la ukoo tu. Wewe usome."

Gaudiosa akaitikia, lakini hakuamini. Watu wasijuane! Aliposhuka Vårby gård jambo la kwanza alilofanya ni kumtafuta mjumbe wa nyumba kumi. Msimcheke. Na ninyi mngefanya hivyo. Alimwendea mzee aliyekuwa akitembeza mbwa, akamwonyesha vidole kumi, akamwonyesha nyumba. Mzee akamtazama, akamwonyesha vidole kumi na yeye, akainua kofia, akaenda zake na mbwa wake.

Basi akaanza kusoma.

Mlango wa kwanza, Andersson, Johansson, Lindqvist. Mlango wa pili, Johansson, Virtanen, Johansson. Mlango wa tatu, wa nne, wa saba. Vidole vya miguu vikafa ganzi ndani ya raba. Mlango wa kumi na moja, Mashauri hayupo. Majengo yote sura moja, kama mapacha waliozaliwa kwenye karatasi ya mchoraji.

Alipousukuma mlango wa kumi na mbili akasikia mwanamke akigomba kwa Kiswahili, na mtoto akimjibu kwa Kiswidi.

"Achola! Nimesema vaa soksi!"

Mtoto akajibu lake, mlango ukabamizwa, na mwanamke mnene mwenye kikapu cha nguo akashuka ngazi akinung'unika.

"Dada yangu!" Gaudiosa nusura amrukie. "Hodi, dada!"

"Uwi! Wewe umetoka wapi na viatu vya raba kwa hii barafu?"

"Natoka Tanzania. Niko na kikundi cha ngoma. Namtafuta kaka yangu."

"Kuja kwa joto kwanza. Mimi naitwa Wilkister, wa Kisumu. Hapa nafanya hospitali, nalisha wazee. Kaka yako ni nani? Waafrika wa hapa wote nawajua, si wengi."

"Deusdedit. Deusdedit Mashauri."

Wilkister akaweka kikapu chini taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Kwani hawakuwaandikia?"

"Kutuandikia nini?"

"Pole, dada. Pole sana. Huyo mtu alikufa. Mwaka wa sabini, mwezi wa kwanza. Ilikuwa mapafu. Mimi mwenyewe nilikuwa kwa mazishi, tulikuwa watu saba, tukaimba. Msalaba iko, na jina yake iko. Jumamosi nitakupeleka uione."

Gaudiosa hakulia. Alimtazama tu.

"Dada Wilkister, jana jioni nimesikia sauti yake."

"Sauti zinafanana."

"Hiyo sauti ndiyo iliyonituma huku."

Wilkister akageuza uso. "Mashine yangu inaisha," alisema, akabeba kikapu, akashuka ngazi za kwenda chini ya jengo karibu akimbie. Gaudiosa nyuma yake.

Katika maghorofa ya kule mtu hafui kwake. Chini kabisa kuna chumba cha mashine, na ukutani kuna karatasi. Kila mpangaji hujiandika jina, siku yake na saa zake, na hizo saa zikiwa zako ni zako, hata waziri haingii.

Gaudiosa akakaa kwenye benchi humo ndani, na sasa ndipo machozi yakaanza. Kaburi lipo. Msalaba upo. Mgomba wa nini tena, na mtu alikwisha zikwa zamani? Akainua macho ukutani, si kwa kutaka kusoma, ni kwa kukosa pa kuyaweka.

Machozi yakakauka hapo hapo.

Siku ya Ijumaa, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, mtu alikuwa ameandika: MURIUKI.

Herufi M ile! Mguu wake wa mwisho ulikuwa umevutwa chini, ukapindwa kama ndoana. Na R yake ilikuwa imerusha teke mbele. Gaudiosa alijifunza kuandika akiwa na miaka sita, kwa kupitisha kijiti juu ya herufi ambazo kaka yake alimchorea kwenye majivu. Angeutambua mkono ule hata kwa vidole, macho yamefumbwa.

"Muriuki ni nani?"

"Mkenya. Maina Muriuki, ghorofa ya tatu," Wilkister alijibu haraka mno. "Mtu mpole. Hana maneno."

"Hii ameandika mwenyewe?"

"Kila mtu anajiandikia."

"Basi, dada Wilkister, huyo maiti wako amejiandikisha kufua Ijumaa saa nane."

Wilkister alikaa chini juu ya nguo zake mbichi.

"Nakuomba kwa jina la Mungu. Usipande juu. Hayuko, yuko kazi. Na ukilia kwa huo mlango, majirani wanaita polisi, polisi wanauliza karatasi, na huyo mtu amekwisha. Ngoja Ijumaa. Aje akwambie mwenyewe."

Gaudiosa alisimama mbele ya karatasi ile, akashika pembe yake aichane aende nayo. Mwandiko si huu? Baba mdogo si alitaka mwandiko? Kisha akaiachia. Mwandiko ulikuwa wa Deusdedit, jina lilikuwa la mtu mwingine. Wazee wangemzomea.

Alhamisi alicheza kama mtu anayeota. Alimsahau sungura katikati ya hadithi, akamwacha shimoni mpaka mwisho. Waswidi wakapiga makofi vile vile.

Ijumaa, saa nane kasoro dakika tano, alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mashine.

Saa nane kamili mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe, na yeye ana miaka thelathini na minne tu. Alimwona dada yake, akafunga mlango kwa ufunguo, akaweka kikapu chini.

"Umekuja kuuzuru mji wako," alisema.

"Nimefika. Wamenikaribisha, wamenipa habari ya kifo chako."

Akataka kucheka, ikashindikana. Wakakumbatiana pale kati ya mashine mbili. Gaudiosa alihisi mifupa ya mgongo wake mmoja mmoja.

"Niliona jina lako kwenye tangazo, stesheni," Deusdedit alisema. "Nikasema nitakutazama tu, niondoke. Halafu ukatega ile ya ngoma, na watu wote wale wakakunyamazia. Sikuweza kukuacha umesimama hivyo."

"Ungejibu 'ngoma' ukakaa kimya. Mbona ulinipa mji?"

"Sijui. Mdomo ulisema wenyewe."

"Deusdedit, ni nani aliyezikwa?"

Alitia nguo kwenye mashine huku akieleza, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

"Maina. Tulilala chumba kimoja. Mimi nilifeli mtihani, Gaudi. Nikafeli mara ya pili, wakanitoa shuleni. Kibali changu kilibakiza wiki mbili. Nilikuwa napakua mizigo kwenye ghala. Siku hiyo nina homa, siwezi kusimama, na kibarua akikosa siku moja ndiyo basi. Maina akasema, lala wewe, nitakwenda kwa jina lako, kwani hawa wanatutofautisha?"

"Akaenda."

"Akaenda na kikohozi chake. Baridi ya kuvunja chupa. Akaanguka mchana, wakampeleka hospitali kwa jina nililompa. Siku tatu, akafa kwa jina langu. Mimi nimebaki chumbani na karatasi zake. Kibali chake, cheti chake cha kazi. Wakaja kuniuliza mimi, rafiki wa marehemu: Deusdedit ana ndugu? Tuwapelekee habari wapi?"

"Ukasemaje?"

Deusdedit akafunga kifuniko cha mashine.

"Nilisema hana ndugu."

"Hana ndugu!" Gaudiosa akasimama. "Na mimi ni nani? Aliyekuzaa ni nani?"

"Nilikuwa naogopa."

"Miaka minne unaogopa? Huna hata stempu? Mkono wako umekufa pamoja na jina?"

"Mkono unaandika," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mwisho wa mwezi naandika. Kwa mama yake Maina. Mama Nyambura, kule Nyeri."

Gaudiosa akadhani hakusikia sawasawa.

"Hajui kusoma, katekista humsomea kwa Kiswahili," kaka yake akaendelea. "Barua ya kwanza nilitaka nimwambie mwanao amefariki, amefia kwenye zamu yangu. Nikaandika, Mama mpendwa. Nikashindwa. Nikaandika kuna baridi, ninakula vizuri. Akajibu. Akanishukuru. Basi na mimi nikajibu. Hana mtoto mwingine, Gaudi. Maina alikuwa wa pekee."

"Barua arobaini na nane kwa mama wa watu! Na mama yako hata bahasha tupu?"

Gaudiosa alifuta machozi kwa skafu ya Mama Ingegerd, akatoa karatasi na kalamu, akaziweka juu ya mashine iliyokuwa ikitetemeka. Akamweleza yote. Baba mdogo. Kibanja. Kitambaa chekundu kwenye mgomba. Mama anavyoupita kila asubuhi bila kugeuza kichwa.

"Mstari mmoja, kaka. 'Mama, mimi mzima.' Maneno matatu. Andika."

Deusdedit akashika kalamu. Ncha ikagusa karatasi, ikatia nukta, ikasimama.

"Baba mdogo akishaisoma, ataipeleka wapi?"

Gaudiosa alijua. Angeipeleka kwa mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo. Mkuu wa wilaya angeandika Dar es Salaam, Dar es Salaam wangeuliza Uswidi, na Uswidi wangejibu kwamba huyo mtu alikwisha kufa, msalaba wake huu hapa.

"Wakija kuchunguza, mimi ninafungwa," Deusdedit alisema. "Hilo nalistahili, basi. Lakini watakwenda na Nyeri. Watamwambia yule mama kwamba mwanawe ameoza miaka minne chini ya jina la mtu, na aliyekuwa akimwandikia ndiye huyo mtu."

"Kwa hiyo mama yetu afukuzwe kibanjani uzeeni?"

"Mchukue. Ukae naye Dar."

"Kwenye chumba changu cha kupanga? Mama asiyejua kulala bila kusikia majani ya migomba? Utamwua!"

Nguo zikazunguka. Deusdedit alianza kukunja shuka ambalo halikuwa na haja ya kukunjwa.

"Sawa," Gaudiosa alisema. "Nikishuka kwenye basi baba mdogo ataniuliza neno moja, na mimi nakuuliza wewe uliye mwenye kaburi. Wazike, au wasizike?"

Shuka likakunjwa mara mbili, likakunjuliwa, likakunjwa tena.

"Nijibu, kaka."

Mlango ukagongwa. Saa kumi na moja kamili. Bibi mmoja wa Kiswidi alisimama nje na kikapu chake, akaonyesha saa ya mkononi, akaonyesha karatasi ukutani. Zamu yake imefika.

"Jumapili," Deusdedit alinong'ona, akipakia nguo zingine zikiwa bado zinavuja maji. "Stesheni kuu. Nitakuja kukujibu."

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Kila alipotega kitendawili, macho ya Gaudiosa yalikwenda safu ya mwisho. Hakuna sauti. Baada ya mchezo Mama Ingegerd alimsaidia kuvua shanga.

"Hukuniambia. Ule mji uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Una nini?"

"Una mashine za kufulia."

Mama Ingegerd akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamwona usoni, akaacha.

Jumapili. Saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Garimoshi la kwenda Denmark limekwisha panga mabehewa, na Cyprian anagombana na mtu wa reli juu ya ngoma kubwa.

"Mwambieni si pipa la pombe! Ni ngoma! Mama Ingegerd, mtafsirie huyu bwana!"

Gaudiosa alisimama mlangoni mwa behewa. Dakika kumi. Watu wa kila namna walipita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Dakika sita.

"Dada, panda, mlango utakubana," Cyprian aliita kutoka ndani.

Dakika tano, akamwona. Anakuja mbio, amevaa tai, koti limefungwa vifungo vibaya. Na mkononi mwake, wasomaji wangu, mkononi mwake ana bahasha!

Ameandika! Mama amepona! Mgomba ule utafunguliwa kile kitambaa, utazaa, utaliwa! Aliruka chini, akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo.

Akaigeuza.

Ile M yenye ndoana ilikuwa pale pale, nzuri, imetulia. *Kwa Mama Nyambura, Nyeri, Kenya.*

"Umenipa siyo," alisema. "Kaka, umekosea bahasha."

"Sikukosea. Mkirudi mwisho wa mwezi ndege yenu itashuka Nairobi. Ukiitia posta pale itamfikia upesi. Amekuwa mgonjwa, anangoja."

Gaudiosa alitaka kumpiga nayo usoni. Mkono haukuinuka.

"Na yetu iko wapi?"

"Niliandika tano. Nimezichoma zote tano."

"Sichukui hii. Chukua barua yako! Siibebi mpaka unijibu nilichokuuliza."

Filimbi ikalia. Milango ikaanza kufungwa, behewa baada ya behewa. Mama Ingegerd akamvuta Gaudiosa juu kwa kiuno. Naye bado ameishika bahasha, na kaka yake ameishika ncha ya pili, hakuna anayeiachia.

"Mama yetu ana wewe," Deusdedit alisema. "Yule hana mtu."

"Hilo sikuuliza!"

"Gaudi..."

"Wazike au wasizike? Sema! Nikamwambie baba mdogo nini?"

Garimoshi likatikisika. Deusdedit akatembea nalo, hatua moja, hatua mbili, kisha akaanza kukimbia, na tai yake ikampeperukia begani. Aliiachia bahasha. Ikabaki mkononi mwa dada yake.

"Wazike," alisema. "Na siku hiyo uanze wewe kulia, kabla ya mama, ili waamini."